Alama ya = haimaanishi "leta jibu"

Ninapopokea darasa linaloanza aljebra, swali langu la kwanza halina x hata moja. Naandika ubaoni 9 + 6 = __ + 7, kila mtu ajaze peke yake, kimya. Kisha napita kati ya madawati nikisoma madaftari. Wengi huandika 15. Wengine huandika 22, yaani wamejumlisha kila namba waliyoiona. Wanaoandika 8 huwa wachache kuliko ninavyotamani, na miongoni mwa walioandika 15 wamo wanaolijua jedwali la kuzidisha bila kusita na wanaoifuata MAGAZIJUTO (mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa) bila kukosea.

Watoto hawa si wavivu wala si wazito wa kuelewa. Wameisoma alama kama walivyozoeshwa. Miaka yote ya shule ya msingi hesabu ilikaa kushoto na jibu likakaa kulia: 4 + 3 = 7, 12 ÷ 4 = 3. Kikokotoo nacho hufanya vivyo hivyo, ukibonyeza = kinakuletea jibu. Basi kwao alama hiyo ni amri ya kukokotoa. Katika hesabu za kawaida fikra hiyo haimdhuru mtu. Madhara yake yanaonekana siku anapokutana na 5x − 8 = 2x + 7. Hapo hakuna upande wa swali na upande wa jibu, na mwanafunzi aliyekuwa hodari jana anakaa akiitazama karatasi.

Aliyeibuni alama yenyewe, Robert Recorde, daktari na mwanahisabati wa Wales, alieleza sababu yake waziwazi mwaka 1557: alichoka kuandika maneno "ni sawa na" tena na tena, akachora mistari miwili sambamba iliyo sawa kwa urefu, kwa kuwa aliona hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Alama ya = ni sentensi kuhusu pande mbili, na sisi tuna neno mlinganyo linalotokana na kulingana.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo yanakuwa matamu kwa msomaji wa Kiswahili. Mwanahisabati al-Khwarizmi aliandika huko Baghdad katika karne ya 9 bila x na bila =, kwa maneno matupu. Mraba wa namba isiyojulikana aliuita mal, neno lile lile tunalolitamka mali. Hatua zake mbili kuu za kutatua mlinganyo aliziita al-jabr na al-muqabala. Jabr ni kuunga, kama mfupa uliovunjika unavyoungwa: palipopunguzwa kitu, unakirudisha, na unaongeza kiasi hicho hicho upande wa pili. Muqabala ni kukabilisha vinavyofanana katika pande zote mbili na kuviondoa kwa kiasi kimoja. Mzizi wake ndio uliotupa mkabala. Katika mlinganyo wetu, jabr inaongeza 8 kila upande: 5x = 2x + 15. Muqabala inaondoa 2x kila upande: 3x = 15. Basi x ni 5, na ukiirudisha mwanzoni, kila upande unatoa 17.

Ndiyo maana siipendi kanuni ya "hamisha, badili alama" katika wiki za mwanzo. Inaharakisha kazi, nakubali, lakini inaficha kilichotendeka. Mwanafunzi anaona −8 ikiruka daraja na kutua ng'ambo ikiwa +8, kama mazingaombwe. Akifika kwenye 3x = 15 anaihamisha 3 na kubadili alama yake pia, anapata x = 15 − 3. Nimesahihisha kosa hilo mara nyingi mno kuamini kwamba ni uzembe.

Mfano wa mizani, yaani pande mbili zikiwa sahani mbili zenye uzito sawa, unasaidia, nami nautumia, ila una mpaka wake. Ukiwapa 2x + 9 = 3, mzigo wa x unakuwa −3, na hakuna jiwe la mizani lenye uzito hasi. Kwa hiyo mapema nawahamishia kwenye kauli nyingine: kushoto na kulia ni majina mawili ya namba moja. Kauli hiyo haivunjiki hata kwa namba hasi.

Wengi hudhani tatizo hili ni la wadogo tu. Sivyo. Mpe mwanafunzi wa sekondari ya juu arahisishe x/2 + x/3. Atazidisha kila kitu kwa 6 na kukuandikia 5x. Katika mlinganyo x/2 + x/3 = 10 hatua hiyo ni halali kabisa, unapata 5x = 60 na x = 12, kwa sababu pande zote mbili zimezidishwa. Lakini swali la kurahisisha halina upande wa pili. Alichofanya ni kuikuza namba mara sita na kuidai bado ni ile ile. Jibu ni 5x/6. Huyu anajua sehemu na anajua kuzidisha. Asichokijua ni lini ana mlinganyo na lini hana.

Wapo pia wanaogawanya x² = 5x kwa x na kubaki na x = 5. Sifuri, ambayo nayo ni jibu halali, imepotea njiani. Kutenda jambo moja pande zote mbili hakutoshi kama jambo lenyewe haliruhusiwi pale x inapokuwa sifuri.

Kwa haya yote, wiki mbili za kwanza silazimishi x. Tunajaza nafasi pande zote, tunaandika 7 = 4 + 3 hadi macho yazoee, tunaamua kama 38 + 17 = 40 + 15 ni kweli bila kukokotoa. Wenzangu huniuliza mtaala utakamilika saa ngapi. Jibu langu ni kwamba muda huo narudishiwa kwenye milinganyo yenyewe.

Na nikisahihisha, nikikuta 8 + 7 = 15 × 2 = 30, siweki alama ya kosa. Jibu la mwisho analolitafuta ni sahihi. Naizungushia = ya kwanza na kuandika pembeni: "Je, 8 + 7 ni sawa na 15 × 2?" Daftari linarudi kwake, naye analirudisha kwangu akiwa ameandika mistari miwili.