Maji ya uzazi yamepungua: kabla ya kuanzishiwa uchungu

Akina mama wengi wanaonijia hapa Mtwara na karatasi ya utrasaundi mkononi wanajua jambo moja tu: maji yanayomzunguka mtoto tumboni yamepungua, na wameambiwa wakaanzishiwe uchungu. Njiani wamesikia na mengine, kwamba mtoto anakauka, kwamba atanata kwenye mji wa mimba. Mtoto hakauki wala hanati. Lakini namba iliyo kwenye ile karatasi si ya kupuuza. Kazi yangu ni kujua ina uzito gani kwa mama huyu, kwa wiki alizonazo, akiwa anaishi huko anakoishi.

Namba yenyewe ni sentimita. Si lita, wala si asilimia. Mpimaji hugawa tumbo mafungu manne kwa kupita kwenye kitovu cha mama. Kila fungu analitafutia dimbwi la maji lenye kina kirefu, lisilopitiwa na kamba ya kitovu cha mtoto wala mkono au mguu wake, analipima wima, halafu anajumlisha yote manne. Jumla ikiwa 5 au chini ya hapo, tunasema maji ni machache. Njia ya pili haijumlishi: inachukua dimbwi moja lenye kina kuliko mengine, na likifika sentimita 2 tunasema yanatosha.

Mimi nafuata hiyo ya pili. Njia hizi zililinganishwa Ujerumani kwa wajawazito zaidi ya elfu moja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kwa kujumlisha, karibu wanawake 10 kati ya 100 walionekana wana maji machache; kwa dimbwi moja walikuwa kama 2. Walioanzishiwa uchungu kwa sababu ya maji nao walikuwa wengi zaidi upande wa kujumlisha, ilhali watoto waliolazwa chumba cha uangalizi maalumu walikaribiana pande zote mbili. Yaani kujumlisha kunatupatia wagonjwa wengi, hakutupatii watoto wenye afya zaidi. Kwa hiyo mama mwenye jumla ya 4.8, ambaye dimbwi lake moja lina sentimita 2.6 na kila kitu kingine kiko sawa, kwangu hajawa mtu wa kuanzishiwa uchungu.

Halafu namba inaweza kuwa ya uongo. Mpimaji mwenye mkono mzito akibonyeza tumbo, dimbwi linapungua kina mbele ya macho yake. Kuna pia mama aliyetoka Tandahimba alfajiri, akapanda basi hakunywa kitu kwa kuogopa haja ndogo njiani, akapimwa saa saba mchana jua la Oktoba likiwa kichwani. Ramadhani nauliza kama amefunga. Huyo, kama hana presha na mtoto anacheza, nampa kivuli na maji ya kunywa, kama lita mbili kwa kituo, kisha napima tena baada ya saa chache. Tafiti zimeonyesha kunywa maji mengi kunapandisha kipimo, na wauza madafu wa nje ya geti wananiunga mkono bila kujua. Yakipanda yakabaki juu, safari ya kuanzishiwa inaahirishwa.

Yasipopanda, natafuta sababu. Baada ya mimba kupita nusu, sehemu kubwa ya maji haya ni mkojo wa mtoto, ambao anaumeza na kuukojoa tena. Ni kama tangi la mvua kule Newala: ukikuta limepungua, hujui bado kama mvua ndiyo iliyokosekana au tangi lina ufa.

Ufa ni chupa ya uzazi iliyopasuka kidogo. Maji yanachuruzika, mama anadhani ni mkojo au ute, na mbele ya mama mkwe hawezi kulisema. Ndiyo maana nawaomba waliomsindikiza watoke kwanza. Nikiona maji yanatoka kwenye shingo ya kizazi na mimba imetimia, hapo nashauri kuanzisha, kwa kuwa sasa adui ni maambukizi.

Mvua iliyokosekana mara nyingi ni kondo la nyuma lisilolisha vizuri. Napima presha, naangalia protini kwenye mkojo, napitisha futi tumboni na kulinganisha na wiki zake, natazama kama mtoto amedumaa. Presha ikiwa juu au mtoto akiwa mdogo kuliko inavyotakiwa, maji machache si habari ya peke yake tena, na kama wiki 37 zimetimia sioni cha kungojea. Nauliza pia kuhusu dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, zinaweza kupunguza mkojo wa mtoto. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumike kuanzia wiki ya 20 bila ushauri wa daktari. Wakati mwingine kuziacha tu kunatosha maji yakarudi.

Jambo linalonisumbua kuliko yote haya ni tarehe. Shirika la Afya Duniani linashauri utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, lakini wengi huku wanapata ya kwanza mwezi wa nane wa mimba, na kipimo cha wakati huo kinaweza kukosea hadi wiki tatu mbele au nyuma. "Wiki 38" ya karatasi inaweza kuwa 35, na mtoto wa wiki 35 aliyetolewa kwa sababu ya namba anaweza kuhitaji oksijeni ambayo tumboni hakuihitaji. Basi tunahesabu pamoja. Hedhi ya mwisho ilikuwa kabla ya mfungo au baada ya Idi? Korosho zilikuwa zimeanza kuokotwa? Kwa maswali hayo mara nyingi tunaipata wiki kwa ukaribu kuliko ile mashine ya mwezi wa nane.

Sasa uamuzi. Mimba haijafika wiki 37, maji ni machache lakini mama na mtoto wako salama: nasubiri nikiwaangalia. Imefika wiki 41: nashauri kuanzisha hata kama maji ni tele. Mzozo uko katikati, wiki ya 37 hadi ya 40, dimbwi halifiki sentimita 2, na hakuna kasoro nyingine. Ushahidi kwamba kuanzisha hapo kunaokoa watoto si mzito. Miongozo mingi inasema zalisha, hasa kwa hofu kwamba kamba ya kitovu cha mtoto itabanwa kwa kukosa maji ya kuikinga. Mimi napendekeza kuanzisha, lakini silazimishi, na hapo ndipo ninapouliza swali lisilo kwenye vitabu vya Ulaya: unalala wapi?

Mama wa Shangani, hapa hapa mjini, ambaye shingo ya kizazi bado imefunga, anaweza kurudi nyumbani na kuja kupimwa kila baada ya siku mbili. Mama wa kijiji cha ndani Nanyamba, au wa Liwale wakati wa masika barabara ikiwa tope, hawezi. Huyo simruhusu arudi na maji yale. Ama anabaki wodini au kwa ndugu wa karibu, ama tunaanzisha.

Mama mkwe mmoja aliniuliza, "Dokta, mtoto mwenyewe hajataka kutoka, mnamlazimisha nini?" Nikamwambia, "Bibi, umeuliza penyewe." Shingo ya kizazi ikiwa bado ngumu na ndefu, hasa kwa mimba ya kwanza, kuanzisha kunaweza kuchukua siku nzima au mbili na kuishia kwenye upasuaji. Kwa hiyo tunailainisha kwanza, kwa mpira wenye puto la maji au kwa misoprostoli ya kunywa, maikrogramu 25 kila saa mbili. Kidonge kimoja kina maikrogramu 200, dozi nane kwa mpigo, na ndiyo sababu anayekimeza nyumbani anaweza kupasua kizazi. Mwenye kovu la upasuaji hapewi kabisa. Dawa za mitishamba za kuleta uchungu nazo naomba zibaki nyumbani, kwani hakuna ajuaye kipimo chake, na nikiongeza ya kwangu juu yake sijui ninachofanya.

Siafiki kuanzisha uchungu zahanati. Maji yakiwa machache mapigo ya mtoto yanaweza kushuka kila uchungu unapokaza, hivyo lazima awepo mkunga wa kusikiliza angalau kila nusu saa, na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi hata saa nane za usiku. Muulize anayekupangia: mtaalamu wa usingizi yupo zamu? Damu ipo? Kama hapana, bora upewe rufaa mapema, kabla ya dozi ya kwanza.

Anayeamua kusubiri namwandikia kwenye kadi ya kliniki kina cha dimbwi, presha, hali ya shingo na tarehe ya kurudi, ili atakayempokea usiku asianze upya. Chini yake naandika yasiyongoja tarehe: mtoto kupunguza kucheza, maji au damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu. Mume naye namsomea, kwa sababu mara nyingi nauli iko mfukoni mwake.