Almanaka za Uingereza ya zamani: saa ya ukutani na jua, nani mkweli?

Almanaka ni kijitabu cha mwaka mmoja, kalenda plus hesabu za angani: mwezi unaandama lini, kupatwa kwa jua, jua linachomoza saa ngapi, maji yanajaa saa ngapi pale London Bridge, minada iko mji gani. Uingereza ya miaka ya 1600 kilikuwa bei chee, kama peni 2 hivi, na kufikia miaka ya 1660 zilikuwa zinauzwa nakala kama 400,000 kwa mwaka. Stationers' Company, chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, walikuwa wamepewa na mfalme haki ya kuzichapa tangu 1603, so hela walipiga kwelikweli. Ndani kulikuwa na unajimu pia, mchoro wa mtu uchi, kila kiungo na nyota yake, kichwa ni cha Punda, nyayo ni za Samaki, ili ujue siku gani usitolewe damu ya matibabu sehemu gani ya mwili. Hapo mi nawaachia wenyewe.

Kinachonivutia ni ile safu ya saa, yaani dakika ambazo saa inapishana na jua siku hiyo. Mwaka 1656 Huygens wa Uholanzi alibuni saa ya pendulamu (inayoendeshwa na uzito unaobembea), na 1658 tayari zinauzwa London, sasa watu wakaanza kuona kitu ambacho saa za mwanzo zilikuwa mbovu mno kukionyesha, yaani saa nzuri na kivuli cha jua haviendi sawa. Dunia inazunguka jua kwa njia iliyobonyea kidogo, Januari inakimbia zaidi, halafu mhimili wake umelala upande, kwa hiyo kutoka adhuhuri moja mpaka nyingine sio masaa 24 kamili kila siku. Tofauti inajikusanya: kwa kalenda ya leo, mwanzoni mwa Novemba jua linaitangulia saa dakika 16, katikati ya Februari linachelewa 14, na yanakutana mara 4 tu kwa mwaka.

Ukitaka kuset saa yako ulisubiri kivuli kifike saa sita, unafungua almanaka, unaongeza au kupunguza dakika za siku hiyo. Na zingatia, zama zile jua ndo lilikuwa mkweli, saa ndo inaambiwa iko mbele au nyuma.

Hii kitu bado ipo, cheki ratiba ya swala ya Dar, adhuhuri ya Novemba na ya Februari zinapishana karibu nusu saa. Hata Nautical Almanac ya mabaharia, iliyoanza na mwaka 1767, ilibaki na wakati wa jua mpaka toleo la 1834 ndo ikahamia wakati wa saa.