Pazia si mlango: tunavyojidanganya kuhusu waifai ya nyumbani

Hapa Ngamiani, Tanga, nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta. Ukikaa barazani ukafungua simu, waifai za majirani zinajipanga kwenye kioo, na yako wanaiona vilevile. Mimi ni fundi kompyuta. Jioni naitwa nyumba kwa nyumba kufunga ruta, hasa tangu watoto waanze kutaka PlayStation iingie mtandaoni. Kuna maneno nayasikia kila nyumba, na yananiumiza, kwa sababu mtu analala akiamini amefunga mlango kumbe ameshusha pazia tu.

“Nimeficha jina la waifai, hakuna anayeiona.”
Anayetaka anaiona. Ruta imeacha kulitangaza jina, basi. Simu, laptop na PS zako zikitaka kuungana lazima zilitaje hewani, na programu za bure zinalinasa. Tena simu iliyozoea mtandao uliofichwa inaweza kuendelea kuuita kwa jina hata ukiwa stendi ya Kange. Orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa nayo ni hivyo hivyo: namba ya kifaa husafiri wazi, na mwingine anaweza kuinakili akajifanya yeye ndiye simu yako.

“Paswedi yangu ni namba ya simu, nani ataikisia?”
Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Namba zetu za simu za mkononi zina tarakimu 10, na nyingi zinaanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu 8, yaani namba milioni 200 za kujaribu. Kwa mtu anayeandika kwa kidole ni nyingi mno. Lakini mwizi hahitaji kukaa barazani kwako akijaribu moja moja. Anasubiri simu yako iungane na ruta mara moja, ananasa ile salamu wanayopeana, anaondoka nayo. Huko kwake, kompyuta ya gemu yenye kadi nzuri ya grafiki inajaribu paswedi laki kadhaa kwa sekunde juu ya salamu hiyo, mpaka ipatikane inayolingana. Zote milioni 200 hazimalizi saa moja, na wewe huna habari.

WPA2, yaani kufuli la waifai lililomo kwenye ruta nyingi, inakubali paswedi ya herufi 8 hadi 63. Itumie nafasi hiyo. Okoteza maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano *mkoko kijiko jumatano pweza ubao*. Mtoto atayakumbuka, mashine itahangaika. (Mfano huu umeshasomwa na watu, tunga wako.)

“Mashine ya gemu inakataa mpaka ulegeze ulinzi.”
Mama mmoja wa Makorora aliniambia, “Mwanangu, fundi aliyepita aligusa kitu humo ndani, ndipo kigemu cha mtoto kikakubali.” Nilipofungua ruta nikakuta WEP. Nilisikitika sana. WEP ni kufuli la mwaka 1997. Mwaka 2001 watafiti walionyesha jinsi ya kulivunja, na leo ni kazi ya dakika chache. WPA2 ipo tangu 2004, WPA3 tangu 2018.

Kigemu chenyewe kilikuwa Nintendo DS ya zamani, iliyonunuliwa mtumba. Ni kweli gemu za DS zinaijua WEP peke yake. Lakini Nintendo waliifunga huduma ya kuchezea gemu hizo mtandaoni mwaka 2014. Nyumba nzima, pamoja na laptop ya baba yenye mambo ya benki, ilikuwa imeachwa wazi kwa ajili ya huduma isiyokuwepo. Nilirudisha WPA2, na mtoto anaendelea kucheza bila mtandao.

PS4 haina shida hiyo, inaijua WPA2. Ikiwa toleo la kwanza la 2013 haliioni waifai yako, angalia masafa: linasoma GHz 2.4 tu, si 5. Washa 2.4 kwenye ruta, kufuli uliache. Na gemu ikiwa inakwamakwama, jaribu kwanza waya kutoka kwenye ruta.

“WPS ni salama, ina PIN.”
WPS ni njia ya mkato ya kuunganisha kifaa na ruta bila kuandika paswedi. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua nusu nusu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha. Jambo hili lilianikwa 2011. Izime.

“Kumnyima mgeni paswedi ni uchoyo.”
Sisi watu wa pwani tunajua mgeni hukaribishwa barazani, na chumbani ni kwa wenyewe. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, nao ndio baraza: anapata intaneti, ila hafiki kwenye kompyuta zako. Na laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Mtu akitapeli watu kupitia kwako, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

“Nimebadilisha paswedi ya waifai, nimemaliza.”
Kuna ya pili, ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka ruta na kamera nyingi mno duniani kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani. Geuza ruta yako usome kibandiko cha chini. Kama bado unaingia kwa neno lililoandikwa hapo, libadilishe leo kabla watoto hawajawasha PS.