Je, wajua kwa nini herufi ya Kichina ya "jirani" ina mji ndani yake?

Herufi yenyewe ni 鄰, husomwa lín. Anayeanza kujifunza Kichina akiitazama, huona juu kushoto umbo la 米, yaani mchele, na papo hapo hujitungia maelezo: jirani ni yule mnayekula naye sinia moja. Maelezo matamu, lakini siyo asili yake.

Tuanzie kulia. Alama 阝 ni ufupisho wa 邑, makazi au mji. Katika maandishi ya kale ilichorwa kama mraba wa boma, na chini yake mtu aliyepiga magoti. Herufi nyingi zinazohusu mahali wanapoishi watu huibeba upande huohuo: 都 ni mji mkuu, 郊 ni viunga vya mji. Ikihamia kushoto huwa alama nyingine kabisa, ufupisho wa 阜, kilima. Kwa hiyo usishangae ukikuta Wajapani wanaandika 隣. Hakuna kilima kilichoingia katika ujirani. Ni namna nyingine tu ya kuandika neno lilelile.

Na kwa nini mji? Kwa sababu lín ilikuwa kipimo cha utawala. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake maarufu ya herufi mnamo mwaka 100 BK, anaieleza kwa maneno machache mno: familia 5 ni lín. Vitabu vya kale kuhusu utawala wa Zhou, nasaba ya kale ya wafalme wa China, vinaendeleza hesabu: lín 5 hufanya lǐ moja, yaani familia 25. Mwaka 486 dola ya Wei ya Kaskazini iliutumia mpango wa namna hiyo kwa dhati. Kila familia 5 ziliwekewa mkuu wao, na juu yake mkuu wa lín 5, ili watu waandikishwe na kodi ikusanywe. Kwa serikali, basi, jirani alikuwa mtu aliye kwenye orodha moja nawe. Taiwan bado ina lín na lǐ kama ngazi za chini kabisa za utawala.

Lakini watu hawakuliachia dola neno lao. Karne nyingi kabla ya kamusi ya Xu Shen, Confucius alikwisha kusema kwamba wema haubaki mpweke, lazima upate jirani. Na methali ya Kichina ingali inasema ndugu wa mbali hamshindi jirani wa karibu. Mimi naona neno lilipata uzito wake hapo, kwa watu waliohitajiana, kuliko kwenye daftari la kodi.

Sasa ule "mchele". Upande wote wa kushoto, 粦, upo kwa ajili ya sauti: unamwambia msomaji atamke lín. Mwanzoni ulikuwa mchoro wa mtu aliyetanua mikono, nukta zikimzunguka. Baadaye alichorwa na miguu yake miwili. Mwili na nukta vilibadilika umbo karne kwa karne hadi vikafanana na 米. Xu Shen anasema 粦 ni moto wa mizimu, ule mwanga unaodhaniwa kutoka kwenye damu ya waliokufa vitani.

Sauti hiyohiyo imo katika 鱗, magamba ya samaki, na katika 麟 ya qilin, mnyama wa heri wa hadithi za Kichina. Hapa pwani yetu inaingia. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, na watu wa ikulu wakampokea kama qilin. Jina la twiga yule na neno jirani vimejengwa juu ya 粦 ileile.

Kabla ya 鄰 kuenea, palikuwa na umbo jingine ninalolipenda zaidi. Limo kwenye chungu cha shaba cha mfalme wa Zhongshan, dola ndogo ya kale, cha karne ya 4 KK, kilichofukuliwa katika jimbo la Hebei, kaskazini mwa China, katika miaka ya 1970. Lina miraba miwili ubavu kwa ubavu, ambayo wataalamu huiona kama makazi mawili yanayopakana. Maneno yaliyochongwa hapo ni onyo kwa mrithi wa kiti: nchi jirani ni vigumu kuipenda, na adui yuko pembeni.

China bara leo huandika 邻. Marekebisho ya katikati ya karne ya 20 yaliiondoa 粦, yakaweka 令, yenye sauti ya karibu na mistari michache. Moto wa mizimu umeondoka. Mji umebaki kulia.