Uliberali haumtengi mtu na jumuiya yake

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la elimu ya haki za binadamu yameongezeka, na mengi yana kauli moja: uliberali, yaani fikra inayoweka mbele uhuru na haki za kila mtu, unamtenga mtu na watu wake, kila mmoja abaki kivyake. Tunaelewa uchungu wa wanaoona jumuiya zao zikilegea. Lakini dai lenyewe si sahihi, na tumelisahihisha mara nyingi mno.

Ibara ya 29 ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948 inasema kila mtu ana wajibu kwa jumuiya, kwani ni humo tu nafsi yake inaweza kukua kikamilifu. Ibara ya 20 inakataza kumlazimisha mtu kuwa mwanachama wa chama. Zisomwe pamoja, tafadhali: mtu ana wajibu kwa jumuiya, lakini halazimishwi kubaki katika chama.

Mwaka 1982 mwanafalsafa Michael Sandel alimkosoa mwanafalsafa wa uliberali John Rawls kwamba mtu anayefikiriwa na Rawls ni kama hana mafungamano yoyote aliyozaliwa nayo. Hoja nzito. Mwanafalsafa Will Kymlicka akajibu kwa upande wa waliberali: mtu huchagua maisha kutoka katika utamaduni uliomlea, hivyo kuulinda ni kulinda uhuru wake.

Ugumu uko mlangoni, pale mtu anapotoka kwenye jumuiya. Huko Manitoba, Kanada, baadhi ya wanachama wa jumuiya ya Wahutteri, kundi la Kikristo ambako mali yote ni ya pamoja, walibadili dhehebu, wakafukuzwa, wakadai fungu lao. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu iliwakatalia. Jaji Pigeon peke yake alipinga, akisema uhuru wa dini ni pamoja na haki ya kuibadili. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi: anayetoka mikono mitupu baada ya kufanya kazi maisha yake yote hakufunguliwa mlango.

Wanaotulalamikia husahau upande wa pili: wapo wanaotumia haki za mtu mmoja ili warudi kwa watu wao. Sandra Lovelace, wa kabila la Wamaliseet, wenyeji wa asili wa Kanada, aliolewa na mtu wa nje mwaka 1970, na sheria ya Kanada ikamvua hadhi ya kabila lake. Mwanamume aliyeoa nje hakuvuliwa. Ndoa ilipovunjika alitaka kurudi Tobique, eneo la kabila lake. Akapeleka lalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Alichodai, kwa lugha ya haki za mtu mmoja, ni kuishi na watu wake.

Kwa wanaokusudia kufuata njia yake: nchi husika iwe imeridhia Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, inayoruhusu mtu kulalamika kwa Kamati hiyo, lalamiko liwe na jina, kwani lisilo na jina halipokelewi, na njia za kisheria za nchini ziwe zimekwisha. Nchi ina miezi 6 ya kujibu. Kamati ya Haki za Binadamu haitozi faini wala haifungi mtu, hutoa maoni. Maoni juu ya Lovelace yalitoka 1981, yakaona kwamba Ibara ya 27 ya Mkataba, inayolinda haki ya watu wa makundi ya wachache kufurahia utamaduni wao pamoja na wenzao, imevunjwa. Kanada ilibadili sheria hiyo 1985.