Breki za Ubongo: Maswali Kutoka Mwaloni

Maswali haya niliulizwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa mbele ya meza ya mama muuza dagaa. Mwanawe ana kifafa. Yeye ndiye aliyeanza, wengine wakadakia.

Nesi, mwanangu akianguka, ina maana ubongo umechoka ukazimika?

Hapana mama, unakuwa umewaka kupita kiasi. Gamba la ubongo ni lile tabaka la juu lenye mikunjo. Humo, karibu seli moja ya neva katika kila tano haina kazi ya kusukuma ujumbe. Kazi yake ni kuuzuia. Hizo ndizo breki, na zinatumia kemikali iitwayo GABA. Zikishindwa, seli nyingi hufyatuka kwa pamoja, na hiyo ndiyo degedege.

Sasa breki za nini kichwani? Bila hizo si tungekuwa na akili zaidi?

Aliyeuliza ni kijana wa mtumbwi, nami nikamuuliza: kwa nini hamwendi kuvua dagaa usiku wa mbalamwezi? Akacheka. Taa huvuta dagaa kwa sababu pande zote ni giza. Seli za kuzuia ndizo zinazoleta hilo giza. Zinanyamazisha kelele ili sauti ya mteja mmoja isikike katikati ya soko zima.

Na nani anazikanyaga hizo breki?

Hapa ndipo patamu. Ndani kabisa, chini ya gamba, kuna vikundi vidogo vya seli vyenye nyuzi ndefu zinazofika karibu kila pembe ya gamba. Kimoja humwaga asetilikolini, kingine noradrenalini, kingine serotonini. Ukishtuka au ukikaza macho kutazama kitu, kemikali hizo hubadilika, na breki hubadilika nazo.

Breki zenyewe si za aina moja. Fikiria mgambo anayewakataza wachuuzi kupiga kelele. Anatokea bosi wake, anamwambia, "Hebu tulia kwanza." Mchuuzi hajaongezewa chochote, ila sasa anasikika. Kwa panya wa maabara imeonekana hivyo hivyo: asetilikolini huamsha kundi moja la seli za kuzuia, kundi hilo linazuia kundi jingine la kuzuia, na seli kuu za ujumbe zinapata nafasi. Breki imekanyagiwa breki.

Kwa hiyo asetilikolini inaamsha, serotonini inatuliza?

Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Kemikali ni ufunguo, na kila seli ina kufuli lake, yaani kipokezi. Serotonini ikigusa kipokezi cha aina moja, seli ya kuzuia inaamka. Ikigusa cha aina nyingine, seli inapoa. Ndiyo maana sipendi kuisikia ikiitwa "kemikali ya furaha". Ni kama kusema chumvi ni kiungo cha samaki.

Ugoro je? Na gongo?

(Mzee aliyeuliza alikuwa ameshaficha kikopo chake.) Nikotini ya ugoro huingia kwenye baadhi ya makufuli ya asetilikolini, yakiwemo ya seli za kuzuia. Pombe huipa GABA nguvu, ndiyo maana ulimi unalegea. Mtu akinywa sana kwa muda mrefu, ubongo unazizoea hizo breki za kuazima na kulegeza za kwake. Akiacha ghafla anatetemeka, na anaweza kupata degedege. Mnywaji wa namna hiyo aache pombe akiwa mikononi mwa mganga wa hospitali.

Mwanangu anakunywa fenobabitali. Miezi mitatu hajaanguka. Nipumzishe?

Usithubutu mama. Dawa hiyo inakifanya kipokezi cha GABA kiitikie kwa nguvu zaidi. Ukiikata ghafla, degedege linaweza kurudi kali kuliko mwanzo. Kupunguza au kuacha ni uamuzi wa kliniki, tena kidogo kidogo.

Na akianguka hapa hapa sokoni? Jirani huwa anakimbilia kijiko.

Kijiko kirudi kwenye chai. Usimtie kitu mdomoni, usimkandamize. Ondoa visu na ndoo karibu yake, mwekee khanga chini ya kichwa, mgeuze ubavu, kisha tazama saa. Zikipita dakika 5, mkimbizeni hospitali, hata kwa bodaboda ya mkopo.

Mama akachukua daftari la madeni, chini ya majina ya wanaodaiwa akaandika: *dakika 5*.