Godoro la lateksi na springi kwa bajeti ndogo: unayoambiwa na yaliyomo ndani

Ukianza kutafuta godoro haibridi la lateksi, yaani lile la springi chini na mpira wa lateksi juu, utakutana na maneno mengi sana, mengine nusu kweli mengine uongo mtupu, na mwenye hela ya mawazo ndiye anayeumia zaidi maana anaishia kulipia sifa za kwenye lebo badala ya vitu vitakavyombeba mgongo.

"Lateksi ndiyo inayokupa sapoti."

Hapana. Kwenye haibridi mzigo mkubwa unabebwa na springi, lateksi ya juu kazi yake ni kupokea bega na nyonga visibanwe na kuziba ule uwazi wa kiuno, kwa hiyo springi zikiwa hovyo utazama tu hata ukiwekewa lateksi ya bei mbaya juu yake. Ulizia springi za vifuko, zile ambazo kila moja imeshonewa kwenye kitambaa chake na inabonyea kivyake, mwenzio akigeuka usiku hutikisiki kama kwenye zile zilizofungwa pamoja kwa waya. Halafu angalia geji ya waya, yaani namba ya unene wake, na hapa wengi wanaingia mkenge kwa sababu namba inaenda kinyume: geji 13 ni waya mnene na mgumu kuliko geji 15.

Idadi ya springi nayo isikupagawishe. Kuna magodoro yana tabaka la vispringi vifupi juu ya zile kubwa na zote zinajumlishwa, na mara nyingine namba inayotangazwa ni ya saizi kubwa wakati we unanunua ndogo. Bora uulize kama eneo la kiuno limekazwa zaidi na kama pembeni pameimarishwa, maana godoro likilegea ukingoni ukikaa kuvaa viatu unateleza, na ukilala karibu na ukingo unahisi kama unaanguka.

"Mgongo ukiuma lalia godoro gumu, gumu kabisa."

Hii imekaa vichwani mwa watu miaka na miaka, hadi wengine wanalala sakafuni. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania, watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, wengine wakapewa godoro gumu wengine la ugumu wa kati, na baada ya siku 90 wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Sasa ugumu wa kati wenyewe siyo kitu kimoja kwa kila mtu, ndiyo maana mtu anakusifia godoro lake we ukililalia unaliona kama ubao. Mwepesi anayelala ubavu anataka juu palaini kidogo ili bega liingie, mzito anahitaji springi ngumu zaidi, na anayelala kifudifudi akipewa laini tumbo linazama kiuno kinapinda. Jipime hivi: lala ubavu kama unavyolala siku zote, mtu akuangalie kwa nyuma, uti wa mgongo unatakiwa unyooke usining'inie katikati. Ukilala chali pitisha kiganja chini ya kiuno, kikipita bila kugusa kitu godoro ni gumu mno kwako. Na usilihukumu siku ya kwanza, mwili unachukua wiki kadhaa kuzoea, ndiyo maana nafasi ya kulijaribu nyumbani na kulirudisha ni bora mara mia kuliko mto wa bure.

"Imeandikwa lateksi, basi ni lateksi."

Aisee hapa ndipo hela zinapopotelea! Godoro linaweza kuitwa la lateksi wakati lina inchi moja tu ya lateksi, chini yake foamu ya kawaida, na hiyo foamu ndiyo itakayobonyea mapema wakati lateksi bado nzima. Dai orodha ya matabaka yote na unene wa kila moja, muuzaji akizungukazunguka ondoka. Mi naona inchi mbili mpaka tatu za lateksi juu ya springi nzuri zinatosha watu wengi, na godoro kuwa nene sana hakukuongezei kitu kama unene wenyewe ni foamu nyepesi. Neno "asilia" nalo chunga, kuna lateksi ya utomvu wa mti wa mpira, kuna ya kiwandani inayotokana na mafuta ya petroli, na kuna mchanganyiko. Cheti cha GOLS kinadai angalau asilimia 95 ya malighafi iwe ya kilimo hai, ila cheti kingine, Oeko-Tex Standard 100, kinapima kemikali zenye madhara tu, hata lateksi ya kiwandani inaweza kuwa na cheti hicho. Mchanganyiko siyo dhambi kama bajeti inabana, mradi usiuziwe kwa bei ya asilia tupu. Mwenye mzio mkali wa mpira aongee na daktari kwanza.

"Talalay ni bora kuliko Dunlop." Ni njia mbili tu za kutengeneza lateksi. Dunlop inamiminwa na kuokwa, chembe nzito zinatuama kwa hiyo upande mmoja unakuwa mgumu kidogo. Talalay inavutwa kwa vakyumu na kugandishwa kabla ya kuokwa, inatoka sawasawa na yenye hewa zaidi, na bei inapanda. Kama hela haitoshi chukua Dunlop, hutajuta.

"Lateksi haichakai." Inadumu kweli, ila jua ni adui yake, ukiianika juani mara kwa mara inakauka na kumeguka, we ipepee kivulini. Waranti ndefu pia siyo umri wa godoro, nyingi zinakubali malalamiko pale tu godoro limebonyea kufikia kina fulani, na zinakataa kama kitanda chako hakifai. Chaga zikiachana zaidi ya inchi tatu hivi godoro linazama katikati ya mianya, kwa hiyo ongeza chaga kabla hujalaumu godoro.

Na bei ikigoma kabisa, nunua godoro la springi za vifuko lililo imara lisilo na mbwembwe, halafu weka juu yake topa, yaani tandiko jembamba la kulalia, ya lateksi ya inchi mbili. Topa ikichoka unabadilisha hiyo peke yake. Ila kama godoro la chini limeshabonyea usijisumbue, topa itafuata shimo hilohilo.